Dawa ipi ni bora? Namna majaribio ya tiba yanavyoamua, na haki za anayeombwa kushiriki

Mkazi wa Timbwani anapofikisha mtoto mwenye homa kali hospitalini, huwa anaamini kwamba dawa atakayopewa ndiyo iliyo bora. Wachache hujiuliza ubora huo ulijulikanaje. Sehemu kubwa ya jibu imetoka hapa Pwani, katika majaribio ya tiba ambayo watoto na wazazi wa Kilifi na Kwale walishiriki.

Jaribio la tiba ni utafiti unaolinganisha njia mbili au zaidi za kutibu au kukinga ugonjwa. Washiriki hugawanywa katika makundi kwa bahati, mithili ya kupiga kura. Daktari hachagui nani apate tiba ipi, wala mgonjwa hachagui. Lengo ni makundi yafanane kwa umri, hali ya ugonjwa na mengineyo, ili tofauti itakayoonekana mwishoni itokane na tiba yenyewe. Kama wagonjwa mahututi wangewekwa upande mmoja na wenye nafuu upande wa pili, hata dawa mbovu ingeonekana nzuri.

Kwinini ilivyoachia nafasi

Kwa miongo mingi, malaria kali ilitibiwa kwa kwinini. Kisha ikaja artesuneti, dawa ya sindano. Kati ya mwaka 2005 na 2010, dawa hizo mbili zililinganishwa kwa watoto 5,425 katika nchi tisa za Afrika, Kenya ikiwemo kupitia Kilifi. Kati ya waliopewa kwinini, walifariki 297. Kati ya waliopewa artesuneti, walifariki 230. Makundi yalikuwa karibu sawa kwa idadi.

Tofauti hiyo ni kama watoto wawili hadi watatu kwa kila mia. Daktari mmoja katika wodi moja asingeweza kuiona kwa macho, kwa kuwa angeona wengine wakipona na wengine wakifa kwa dawa zote mbili. Baada ya matokeo hayo, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza artesuneti iwe dawa ya kwanza kwa watoto wenye malaria kali, na ndiyo inayotumika leo katika hospitali zetu.

Tiba iliyoonekana nzuri, kumbe ina hatari

Jaribio lililowashangaza wengi zaidi lilianza mwaka 2009 katika hospitali sita za Kenya, Uganda na Tanzania, ikiwemo Hospitali ya Kilifi. Lilihusu watoto wenye homa kali ambao damu yao haizunguki vizuri: mikono na miguu imepoa, mapigo ya moyo yanakwenda mbio. Katika nchi tajiri, mtoto wa namna hiyo hutundikiwa maji mengi ya mshipani kwa muda mfupi. Wataalamu wengi waliona Afrika nayo ifuate njia hiyo.

Watoto 3,141 waligawanywa makundi matatu. Mawili yalipewa maji kwa haraka, kila kundi aina yake ya maji. La tatu halikupewa maji ya haraka, ila watoto wote walipata dawa, uangalizi na matibabu mengine yaliyohitajika.

Mwezi Januari 2011, kamati huru iliyokuwa ikichunguza takwimu iliagiza jaribio lisimamishwe. Katika makundi yaliyopewa maji ya haraka, watoto kati ya kumi na kumi na mmoja kwa kila mia walikuwa wamefariki ndani ya saa 48. Katika kundi ambalo halikupewa, walikuwa takriban saba kwa kila mia. Tiba iliyodhaniwa kuokoa maisha ilikuwa ikiyapunguza.

Jambo la kuzingatia ni kwamba katika saa ya kwanza, watoto wengi zaidi waliopewa maji ya haraka walionekana kupata nafuu. Muuguzi aliyesimama kando ya kitanda angeapa kwamba maji yanasaidia. Ni kulinganisha makundi kulikofichua ukweli.

Tahadhari kwa wazazi: matokeo haya hayahusu mtoto anayeharisha. Watoto waliopungukiwa na maji kwa sababu ya kuharisha na kutapika hawakuingizwa katika jaribio hilo. Mtoto anayeharisha anahitaji maji na chumvi ya kurudisha maji mwilini mara moja, na apelekwe kituo cha afya bila kuchelewa.

Kwa jirani zetu Kwale

Majaribio hayafanyiki wodini pekee. Kuanzia mwaka 2023, vijiji vya Kwale, kusini mwa Likoni, vilishiriki utafiti wa aivamektini, dawa ambayo ikiwa katika damu ya mtu humuua mbu anayemuuma. Zaidi ya watu 20,000 walihusika. Baadhi ya maeneo yalipewa aivamektini mara moja kwa mwezi kwa miezi mitatu. Mengine yalipewa albendazoli, ile dawa ya minyoo inayojulikana na kila mzazi mwenye mtoto shuleni.

Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2025 yalionyesha kwamba maambukizi mapya ya malaria kwa watoto wa miaka 5 hadi 15 yalikuwa pungufu kwa asilimia 26 katika maeneo ya aivamektini. Hiyo ni nyongeza juu ya neti, haichukui nafasi yake.

Tazama pia kwamba kundi la pili halikuachwa mikono mitupu. Lilipata dawa ya minyoo. Vivyo hivyo, katika utafiti wa chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi uliofanywa Kisumu, Thika na Nairobi kwa wasichana na wanawake 2,275 wa miaka 15 hadi 20, kundi la kulinganishwa lilipewa chanjo ya homa ya uti wa mgongo. Utafiti huo ulionyesha kwamba dozi moja inatoa kinga kubwa dhidi ya aina kuu za virusi vinavyosababisha saratani hiyo.

Hofu na haki

Hofu kuhusu utafiti ni ya zamani hapa Pwani. Kuna wanaosema damu inayotolewa huuzwa, na wengine kwamba watu hufanywa panya wa maabara. Dawa ya hofu ni maelezo ya wazi na kujua haki.

Nchini Kenya, jaribio la dawa haliwezi kuanza kabla ya kupitishwa na kamati ya maadili ya utafiti na kuidhinishwa na Bodi ya Dawa na Sumu. Watafiti pia huhitaji leseni ya Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, NACOSTI. Mshiriki lazima aelezwe kwa lugha anayoielewa na akubali kwa hiari yake. Kwa mtoto, mzazi au mlezi ndiye anayetoa idhini.

Kabla ya kutia sahihi au kidole gumba, uliza:

- Ni tiba zipi zinazolinganishwa, na kwa nini haijulikani iliyo bora?
- Nikikataa, nitatibiwa vipi?
- Madhara yanayoweza kutokea ni yapi, na nikidhurika nani atagharamia matibabu?
- Damu itakayochukuliwa ni kiasi gani, itapimwa nini, na itahifadhiwa wapi?
- Nani ameidhinisha utafiti huu, na nikiwa na malalamiko nimpigie nani?
- Matokeo yatarudishwaje kwetu?

Anayekataa hapaswi kunyimwa matibabu ya kawaida. Aliyekubali anaweza kujiondoa siku yoyote bila kutoa sababu. Mshiriki hatozwi pesa kwa ajili ya utafiti, na kwa kawaida hurudishiwa nauli. Anayemwomba mkazi alipe ili aandikishwe, au anayekataa kuonyesha barua za idhini, aripotiwe kwa afisa wa afya au kwa chifu.

Mkazi ambaye hajaelewa fomu aliyopewa ana ruhusa ya kwenda nayo nyumbani, akaisome na familia, na kumuuliza mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wake au wahudumu wa kituo cha afya kilicho karibu. Penye dharura muda huwa mfupi: katika jaribio la maji ya mshipani, wazazi wengine waliombwa kwanza kukubali kwa mdomo, kisha wakapewa maelezo kamili mtoto alipotulia. Hata hapo, neno la mwisho lilikuwa la mzazi.