Neno "Corn" na Nafaka Inayotajwa

Miongoni mwa majina ya vyakula ambayo Kiingereza kimeyasambaza duniani, machache humpotosha msomaji wa Kiswahili kama neno "corn". Wanafunzi wengi hulifahamu mapema kwa maana ya mahindi, na maana hiyo ni sahihi kabisa pale mzungumzaji anapokuwa Mmarekani. Lakini neno lenyewe lilikuwa limekwisha kutumika kwa karne nyingi kabla Mwingereza yeyote hajaona gunzi la hindi, na katika muda huo wote lilitaja vitu vingine. Sura hii inashikilia kwamba "corn" halikuwekwa kwa ajili ya mmea wowote mahususi. Hutaja ile nafaka ambayo watu wa mahali fulani wameifanya kuwa tegemeo lao, na kwa hiyo maana yake hubadilika kila nafaka hiyo inapobadilika, hata kama herufi zake nne hazijabadilika.

Maana yake ya awali ni punje, yaani kitu kidogo kigumu, hasa mbegu ya mimea ya jamii ya nyasi. Wanaisimu wanaochunguza ukoo wa lugha za Kihindi-Kiulaya huliweka katika shina moja na neno la Kilatini "granum", ambalo liliingia Kiingereza kupitia Kifaransa likawa "grain", na hivyo lugha hiyo ikajikuta na maneno mawili ya nafaka yaliyotoka kwa mzazi mmoja. Kutoka kwenye punje, maana ilipanuka ikawa nafaka kwa jumla, kisha ikabana tena ikawa nafaka kuu ya mahali. Nchini Sweden "korn" ni shayiri, na katika sehemu nyingi za Ujerumani "Korn" lilimaanisha rai, nafaka iliyotumika kwa mkate mweusi wa huko. Mkulima wa kusini mwa Uingereza aliposema "corn" alikuwa akitazama shamba la ngano, ilhali mwenzake wa Scotland alikuwa akitazama oti, na hakuna hata mmoja aliyekuwa akilitumia neno vibaya.

Maana ya punje bado ipo katika maneno ya kila siku. "Peppercorn" ni punje ya pilipili manga, na "barleycorn" ni punje ya shayiri, ambayo Waingereza waliifanya kipimo cha urefu, punje tatu zikihesabiwa kuwa inchi moja. Kipimo hicho kimesahaulika isipokuwa katika maduka ya viatu, kwa kuwa tofauti ya namba moja na inayofuata katika viatu vya vipimo vya Uingereza ni theluthi ya inchi, yaani urefu wa punje moja ya shayiri. Mfano ulio karibu zaidi na msomaji wa Afrika Mashariki ni "corned beef", ile nyama ya ng'ombe ya kopo iliyotengenezwa na Tanganyika Packers jijini Dar es Salaam na Kenya Meat Commission kule Athi River. Ndani ya kopo hilo hamna mahindi. Jina lilitokana na chumvi ya mawe, iliyokuwa na chembe kubwa kama punje za nafaka, ambayo nyama ilifukiwa ndani yake ili isioze. Sugu ya kidole cha mguu nayo huitwa "corn", lakini hilo ni neno jingine lililofanana tu kwa sauti, maana chanzo chake ni "cornu", pembe kwa Kilatini.

Utata wa neno hili huanza kuwa na uzito pale maandishi ya zamani yanaposomwa kwa macho ya leo. Biblia ya Kiingereza iliyotolewa mwaka 1611 chini ya Mfalme James huwapeleka wana wa Yakobo Misri kununua "corn" wakati wa njaa, na huwaonyesha wanafunzi wa Yesu wakipita katika mashamba ya "corn" siku ya Sabato. Msomaji aliyekulia Marekani anaweza kuyaona mahindi marefu yenye ndevu, ingawa mahindi asili yake ni bara la Amerika na hayakufika Misri wala Palestina ila baada ya safari ya Christopher Columbus ya mwaka 1492. Kilichouzwa Misri kilikuwa ngano na shayiri. Watafsiri wa Biblia ya Kiswahili walilikwepa shimo hilo kwa kuandika nafaka na masuke, na hapa Kiswahili kiliwasaidia kwa kuwa kina neno la jumla lililo tofauti kabisa na majina ya mimea: nafaka ni nafaka, na mahindi ni mahindi, jambo ambalo Kiingereza cha "corn" hakina.

Katika somo la historia kosa lake ni kubwa zaidi. Sheria zilizoitwa "Corn Laws" zilipitishwa na Bunge la Uingereza mwaka 1815, mwishoni mwa vita dhidi ya Napoleon, na zilizuia ngano ya nje isiuzwe nchini hadi bei ya ngano ya ndani ifike shilingi 80 kwa kipimo kilichoitwa "quarter", ambacho ni sawa na "bushel" nane. Wenye mashamba makubwa, ambao ndio waliokuwa wengi bungeni, walilindwa, na mfanyakazi wa kiwandani akalipa gharama yake katika mkate. Richard Cobden na John Bright waliongoza kutoka Manchester chama cha kuzipinga sheria hizo, na gazeti la The Economist lilianzishwa mwaka 1843 kwa ajili ya mapambano hayohayo, hadi Waziri Mkuu Robert Peel alipozifuta mwaka 1846 na kukigawa chama chake mwenyewe. Mwanafunzi anayeambiwa kwamba hizi zilikuwa Sheria za Mahindi atashindwa kuelewa kwa nini mkate ulipanda bei, na kosa hilo la neno moja litamfunga macho asione ugomvi wa matabaka uliokuwa ndani yake. Zilikuwa Sheria za Nafaka, na nafaka iliyogombewa zaidi ilikuwa ngano.

Kule Amerika neno lilikuwa limekwisha kushika njia yake. Wenyeji wa visiwa vya Karibi, Wataino, waliliita zao lao kwa jina ambalo Wahispania walilisikia na kuliandika "maíz", ndilo lililozaa "maize" la Kiingereza. Walowezi wa Kiingereza waliotua kaskazini zaidi walitumia njia nyepesi, wakaliita "Indian corn", yaani nafaka ya Wahindi Wekundu kama walivyowaita wenyeji hao, na kadiri zao hilo lilivyowalisha vizazi kwa vizazi, sifa ya "Indian" ilidondoka na "corn" likabaki peke yake. Kilichotokea ni kilekile kilichotokea Sweden na Scotland: nafaka ya mahali ikachukua jina la nafaka.

Maana hizo mbili zilikutana mikononi mwa mtu mmoja, Peel huyohuyo. Ugonjwa wa viazi ulipoyaharibu mavuno ya Ireland mwaka 1845, serikali yake ilinunua kimyakimya kutoka Marekani "Indian corn" ya thamani ya pauni 100,000, wakati akijiandaa kufuta sheria za "corn" nyingine, ya ngano. Shehena ilipofika, shida ikawa ya jikoni. Punje za mahindi makavu ni ngumu kuliko za ngano na oti, vinu vya Ireland havikuwa vimezoea kuzisaga, na watu ambao maisha yao yote walikula viazi hawakujua kwamba unga ule unahitaji kusagwa vizuri na kupikwa kwa muda mrefu. Wengi waliumwa matumbo, na kwa sababu ya rangi yake ya manjano wakaubatiza jina la kiberiti cha Peel. Msomaji wa Tanzania aliyeishi miaka ya uhaba anaweza kuielewa chuki hiyo bila maelezo mengi, kwani mahindi ya njano ya msaada yalipoletwa kutoka Marekani, watu waliozoea sembe nyeupe waliuita unga wake yanga na kuuhesabu kuwa chakula cha dhiki. Na Kenya iliyapokea mahindi ya namna hiyo katika ukame wa 1984 kwa moyo uleule. Chakula cha mtu hakihamishwi kwa meli peke yake, maana huhitaji pia mkono unaojua kukipika na ulimi uliokizoea.

Jikoni ndiko neno hili linakowasumbua watu wengi zaidi leo, na chanzo kikubwa cha usumbufu ni "cornflour". Kwa Mwingereza, na kwa maduka ya Kenya na Tanzania yaliyofuata desturi yake, "cornflour" ni wanga mtupu wa mahindi, ule unga mweupe laini unaolia kidogo ukifinywa kati ya vidole. Wanga huo hupatikana kwa kuloweka mahindi, kuyasaga yakiwa mabichi kwa maji, kisha kutenga kiini, maganda na protini hadi ibaki sehemu ile tu inayofanya mchuzi uwe mzito. Mmarekani huiita bidhaa hiyohiyo "cornstarch", na kwake "corn flour" ni unga wa mahindi uliosagwa laini pamoja na sehemu nyingine za punje, wakati "cornmeal" ni unga wenye chenga zaidi, ambao kwa matumizi uko karibu na unga wa ugali. Mpishi wa Mombasa anayefuata maelekezo ya Kimarekani ya mkate wa mahindi, akamimina pakiti ya "cornflour" aliyoinunua dukani, atatoa kitu kama ubao mkavu usio na ladha. Kinyume chake, anayefuata maelekezo ya Kiingereza ya kastadi na kutia vijiko viwili vya sembe, atapata uji wenye punje, kwa kuwa sembe huhitaji kuchemka kwa muda mrefu ilhali wanga huiva mara tu maji yanapokaribia kuchemka, mradi umekorogwa kwanza katika maji baridi ili usifanye madonge. Ufumbuzi wake ni rahisi: kwa kawaida maelekezo yakitaja vijiko, kinachotakiwa ni wanga, yakitaja vikombe, ni unga.

Mazao mengine ya neno hili hayana shida kubwa. "Popcorn" ni bisi, na "sweetcorn" ni mahindi matamu, aina ambayo sukari yake haigeuki upesi kuwa wanga na ambayo huvunwa ikiwa na maziwa. Mtu aliyezoea hindi la kuchoma la barabarani, ambalo kwa kawaida ni hindi jeupe la shambani lililovunwa kabla halijakauka, huiona "sweetcorn" ya kopo kuwa laini na tamu kupita kiasi, na Mmarekani naye hushangazwa na ugumu wa hindi la kuchoma, kwa kuwa nchini kwake mahindi ya aina hiyo huenda zaidi kwenye malisho ya mifugo na viwanda vya mafuta ya magari. Ndugu wawili, John Harvey na Will Keith Kellogg wa Battle Creek, Michigan, walitengeneza vipande vyao vya kwanza vya chakula cha asubuhi mwaka 1894 kwa ngano, na mahindi yakafuata baadaye. Jina "corn flakes" basi ni la Kimarekani kwa maana zote.

Nje ya Ulaya na Amerika, Kiingereza cha Afrika kimegawanyika. Afrika Mashariki hufuata Uingereza na kusema "maize", ndiyo maana ripoti za wizara na bei za masoko huandikwa hivyo, ilhali Ghana "corn" husikika kila siku kwa maana ya mahindi, na Afrika Magharibi kwa jumla "guinea corn" ni mtama. Mfanyabiashara anayefuatilia bei za Chicago, ambako soko la nafaka lilianzishwa mwaka 1848, hana budi kujua kwamba "corn" hapo ni mahindi na kwamba bei husemwa kwa "bushel" ya ratili 56, sawa na kilo 25.4 hivi, ili aweze kuilinganisha na gunia la kilo 90 la Kenya au la kilo 100 la Tanzania.

Kiswahili chenyewe kina neno lenye tabia ya namna hii. Mboga, kwa Watanzania wengi, ni chochote kinacholiwa pamoja na ugali au wali, hata kikiwa samaki au nyama, wakati Mkenya wa Nairobi akisikia mboga hufikiria sukuma wiki na kabichi. Na jina mahindi lina kumbukumbu ya India, nchi ambayo zao hilo halikutoka, kama vile Waturuki wanavyoliita kwa jina la Misri na Waitaliano kwa jina la Uturuki. Kila taifa lilimtaja jirani aliyedhaniwa kulileta.

Kutokana na hayo, mfasiri anapokutana na "corn" aangalie kwanza mwandishi ni wa wapi na aliandika lini. Maandishi ya Uingereza ya kabla ya karne ya 20 yafasiriwe nafaka au, mazingira yakiruhusu, ngano. Ya Marekani yafasiriwe mahindi. Na penye shaka nafaka litumike, kwa kuwa halimdanganyi mtu. Watungaji wa kamusi wanaombwa wasiishie kuandika mahindi mbele ya neno hili, bali waweke nafaka kwanza na waonyeshe kila maana ni ya nchi gani, na walimu wa historia wazifundishe sheria za mwaka 1815 kwa jina la Sheria za Nafaka.