Je, Asiye na Mwana Aeleke Jiwe?

Wahenga walisema: asiye na mwana aeleke jiwe. Kueleka ni kumbeba mtoto mgongoni kwa mbeleko. Yaani, asiyejaliwa mtoto ni heri afunge hata jiwe kuliko kukaa na mgongo mtupu. Methali hii niliisikia tangu utotoni wala sikuitilia shaka, mpaka siku ya Idi iliyopita, binti yangu alipoweka kijiko chini akasema, "Baba, mimi sitazaa."

Tulikuwa tukila pilau. Mama yake alisema, "Astaghafirullahi!" akainuka kwenda jikoni, ijapokuwa hapakuwa na kazi yoyote iliyomngoja huko. Binti yangu huyu ana umri wa miaka 33, ni mhasibu jijini Nairobi, ameolewa, na mumewe ana nia hiyo hiyo. Si mgonjwa, wala si kwamba amejaribu akakosa. Hataki tu.

Nilipomwuliza sababu, naye aliniuliza swali. "Baba, miaka ile ulipokuwa ukitulea sisi wanne, ulikuwa na furaha?"

Msomaji mpenzi, nilitaka kujibu upesi kwamba ndiyo, lakini ulimi ulikuwa mzito. Nilikumbuka zamu za usiku bandarini, karo za watoto wanne, deni la dukani, na usiku mwingi ambao mimi na mama yao tulimpepea mtoto mwenye homa bila kusemezana neno. Fahari nilikuwa nayo. Lakini furaha? Nilikuwa nimechoka mno hata kuitambua.

Yaonekana si mimi peke yangu. Mwaka wa 2004 mtaalamu Daniel Kahneman na wenzake walichapisha matokeo ya kuwauliza wanawake 909 wenye ajira katika jimbo la Texas, Marekani, wasimulie siku yao ya jana ilivyokwenda, shughuli kwa shughuli. Kuwashughulikia watoto kulikuwa chini katika orodha ya mambo yaliyowafurahisha, chini hata ya kupika na kutazama televisheni.

Lakini hadithi haikuishia hapo. Mwaka wa 2011 watafiti wawili, Rachel Margolis na Mikko Myrskylä, walichapisha uchunguzi wa nchi 86. Waliona kwamba kwa vijana, watoto wakizidi furaha hupungua. Mtu akivuka miaka 40 mzani huanza kugeuka, na wenye watoto huonekana kuwa na furaha zaidi. Tena mgeuko huo una nguvu zaidi katika nchi ambazo mzee hutegemea jamaa zake kuliko serikali.

Hapo nilidhani nimepata silaha. Nilimwambia binti yangu, "Mwanangu, nchi yetu ni mojawapo ya hizo. Ni kweli kwamba tangu mwaka wa 2018 serikali ilianza kuwapa wazee waliofika miaka 70 shilingi 2,000 kwa mwezi. Si haba. Lakini shilingi 2,000 haziwezi kukushika mkono usiku kukupeleka hospitali. Ukizeeka, nani atakubishia mlango?"

Alinitazama kwa upole akasema, "Na shangazi yako je, Baba? Nani alimbishia?"

Nilinyamaza. Shangazi yangu aliishi Majengo, hapa Mombasa. Aliolewa mara mbili na kuachwa mara mbili kwa sababu hakuzaa. Wanawake wenziwe walimwita tasa, wengine mbele ya uso wake. Aliishi kwa kuuza mahamri na mbaazi. Nilipokuwa na miaka saba baba alinipeleka kwake nikae naye, kwa ile desturi yetu ya pwani ya kumpa ndugu mtoto amlee. Baada yangu alilea wengine wawili, mmoja wa jirani. Alipougua mwaka wa 2009 tulipokezana zamu kumlinda, na hakulala peke yake hata usiku mmoja. Mtaa huo huo alikuwako mzee aliyezaa watoto tisa, naye alikuwa akila kwa majirani.

Hata hivyo sitaki kumdanganya msomaji. Shangazi aliumia. Usiku mmoja aliniambia, "Usidhani sikulia. Nililia mpaka nikachoka, na kumbe unga ulikuwa ukingoja kukandwa."

Wala si sisi wa pwani tu tuliotafuta njia. Miongoni mwa Wanandi, Wakamba na Wakisii, mwanamke asiyezaa aliweza kuoa mwanamke mwenzake, na watoto waliozaliwa wakahesabiwa wa kwake. Mwaka wa 2011 Mahakama Kuu hapa Mombasa iliitambua ndoa ya namna hiyo ya Kinandi katika kesi ya urithi. Wazee wetu walijua kwamba tumbo si mlango pekee wa kuingilia uzazi.

Lakini kuna tofauti moja inayonikosesha usingizi. Shangazi alipewa watoto kwa sababu walikuwako wengi wa kugawa. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke wa Kenya alitazamiwa kuzaa watoto wapatao wanane. Uchunguzi wa mwaka wa 2022 ulionyesha kwamba sasa ni 3.4. Mwenye wawili atampa nani mmoja? Asiyezaa leo hawezi kukaa barazani akingoja kuletewa mtoto. Itambidi amtafute mwenyewe, akiwa bado na nguvu.

Basi nilimjibu binti yangu swali lake, kwa kuwa alistahili kujibiwa. Nilisema, "Wakati ule sikuwa na furaha. Ninayo sasa, nikiwaona nyote mezani. Siwezi kukuahidi kwamba wewe ungeipata. Ila usiishi bila mtu anayekutegemea. Shangazi hakuzaa, lakini hakukataa kutegemewa."

Hakujibu. Lakini kabla Idi haijaisha nilimsikia barazani akizungumza na kaka yake, ambaye mtoto wake wa kiume alikuwa akitafutiwa shule Nairobi. Kijana huyo sasa anakaa kwa shangazi yake, na karo wanagawana. Mama yake binti yangu bado hataki kulizungumzia jambo lenyewe, lakini kila apatapo mtu anayepanda basi la Nairobi humpa mahamri ya kupeleka, ya kutosha watu watatu.

Kwa upande wangu, nimeacha kuwauliza vijana watazaa lini. Nawauliza wanamlea nani. Nawe msomaji, unamlea nani?