Kumsoma Binadamu kwa Umri Wake

Somo la ukuaji na maendeleo ya binadamu hufundishwa mapema katika vyuo vyetu vya afya, mara nyingi kabla mwanafunzi hajamgusa mgonjwa. Wanafunzi wa udaktari hulisoma, wauguzi na wakunga hulisoma, matabibu pia. Likiwekwa kando ya anatomia na biokemia huonekana jepesi, kwani kila mmoja wetu amepitia utoto na wengi tumelelewa na bibi. Kwa hiyo hukaririwa: miezi sita anakaa kwa kuegemezwa, mwaka anasimama na kuanza hatua, miaka miwili anaunganisha maneno mawili. Mtihani ukishapita, jedwali hubaki daftarini. Miaka michache baadaye mtu yuleyule yuko zahanati, na mbele yake ameketi mama mwenye mtoto wa miezi 14 ambaye bado hawezi kukaa peke yake. Jibu linalotolewa ni lile tulilolizoea: "Mama, atakaa tu, watoto hawafanani."

Ni kweli kwamba watoto hawafanani. Swali ambalo somo hili linapaswa kumfundisha mwanafunzi kulijibu ni hili: kutofanana kunaruhusiwa kufika wapi?

Tuanze na maneno yenyewe, kwa kuwa hata katika ripoti za kliniki huchanganywa. Ukuaji ni ongezeko la mwili: uzito, urefu, mzingo wa kichwa. Maendeleo ni ongezeko la uwezo: kushika, kutembea, kuongea, kufikiri, kuhusiana na watu. Ukuaji hupimwa kwa mizani, ubao na utepe, ilhali maendeleo hupimwa kwa kumtazama mtoto na kumsikiliza mzazi wake. Viwili hivi si lazima viende pamoja. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo anaweza kuongezeka uzito vizuri katika miezi ya mwanzo, naye mtoto mwenye selimundu anaweza kuwa mdogo kuliko wenzake darasani na bado akawapita kwa akili. Anayepima uzito pekee atamkosa wa kwanza.

Chati ya ukuaji tunayoiona kwenye kadi ya kliniki ina historia inayostahili kujulikana. Daktari Mwingereza David Morley ndiye aliyeitengeneza kwa matumizi ya vijijini alipofanya kazi Imesi-Ile, Nigeria, katika miaka ya 1950. Alitaka muuguzi na mama waione njia ya mtoto kwa macho, bila hesabu ngumu, na kadi ikae nyumbani kwa mama badala ya kufungiwa kabatini. Wazo lake lote lilikuwa kwamba kipimo kimoja hakisemi mengi, na kwamba vipimo vikifuatana ndipo huanza kusema.

Chukua watoto wawili. Mvulana ana kilo 7.8 akiwa na miezi sita, na miezi mitatu baadaye ana kilo 7.8 zilezile. Bado yuko ndani ya eneo linalohesabiwa kuwa salama kwenye kadi, na katika foleni ya akina mama arobaini ni rahisi kumwambia mama yake "anaendelea vizuri" na kumwita anayefuata. Msichana, aliyezaliwa mdogo, ana kilo 5.9 akiwa na miezi sita, kilo 6.7 akiwa na miezi tisa, na kilo 7.2 anapotimiza mwaka. Yuko chini, karibu na mstari wa tahadhari, lakini anapanda sambamba nao kila mwezi. Wa kuulizwa maswali kwa haraka zaidi ni yule mvulana: ameugua nini? Ameanzishiwa chakula gani? Nani anamlisha mama akiwa kazini? Je, kuna kikohozi nyumbani? Mwanafunzi aliyefundishwa kusoma nukta atamtibu msichana na kumwacha mvulana aende zake.

Hapa husikika hoja nyingine: "Hawa ni wafupi kwa asili, ni ukoo wao." Viwango vya Shirika la Afya Duniani vilivyotolewa mwaka 2006 vilitokana na watoto wapatao 8,500 wa Brazili, Ghana, India, Marekani, Norwei na Omani, walionyonyeshwa na kulelewa katika mazingira mazuri. Watafiti walipolinganisha urefu wao, tofauti kati ya nchi na nchi ilichangia takribani asilimia 3 tu ya tofauti zote, wakati tofauti kati ya mtoto na mtoto ndani ya nchi moja ilichangia takribani asilimia 70. Mtoto mmoja mmoja anaweza kweli kurithi ufupi wa wazazi wake. Lakini nusu ya kijiji ikiwa fupi kuliko inavyotarajiwa, ukoo si jibu. Tanzania ilikuwa na udumavu wa asilimia 34 kwa watoto chini ya miaka mitano katika utafiti wa kitaifa wa 2015/16, na asilimia 30 katika ule wa 2022. Mikoa ya Iringa, Njombe na Rukwa, ambayo mahindi yake hulisha wengi, ndiyo iliyokuwa na viwango vya juu zaidi. Gunia kujaa ghalani ni jambo moja. Mtoto kupata maharage, yai, mboga, na mtu wa kumlisha bila haraka ni jambo jingine.

Turudi kwenye maendeleo. Vitabu vya chuo humpeleka mwanafunzi Uswisi kwa Jean Piaget, aliyewachunguza watoto wake mwenyewe watatu, kisha Marekani kwa Erik Erikson na hatua zake nane. Sina ugomvi na hao. Ninachosikitikia ni kwamba wanafunzi wetu wengi humaliza wakidhani elimu hii yote ilitoka ng'ambo, ilhali sehemu yake muhimu ilianzia hapa jirani. Mary Ainsworth, ambaye jina lake limo katika kila kitabu kuhusu mshikamano wa mama na mtoto, alifanya uchunguzi wake wa kwanza wa nyumba kwa nyumba karibu na Kampala, Uganda, mwaka 1954 na 1955, akizifuata familia 26 za Kiganda. Miaka ya 1970 Charles Super aliwachunguza watoto wa Wakipsigis nchini Kenya. Aliona kwamba walikaa na kutembea mapema kuliko watoto wa Marekani, lakini katika kutambaa hawakuwatangulia. Sababu ilikuwa wazi kwa yeyote aliyeishi nao: mama wa Kikipsigis humfundisha mtoto kukaa, hata kwa kumchimbia kishimo kidogo na kumkalisha humo ili ajizoeze, naye humfundisha kutembea. Kutambaa hakumfundishi.

Kwa hiyo malezi husogeza hatua za mtoto mbele au nyuma. Hata hivyo, huzisogeza ndani ya mipaka. Utafiti uleule wa viwango vya 2006 ulionyesha kwamba watoto wenye afya huanza kukaa bila kuegemea kati ya miezi 3.8 na 9.2, na kutembea peke yao kati ya miezi 8.2 na 17.6. Takribani asilimia 4 hawakutambaa kabisa kwa mikono na magoti, na walitembea kama wenzao. Mama akisema mtoto wake aliruka kutambaa, mtulize. Akisema ana miezi 14 na hakai, usimtulize: mchunguze mtoto na umpe rufaa siku hiyohiyo.

Kwa watoto njiti hesabu hufanywa kwa namna yake. Aliyezaliwa wiki nane kabla ya wakati, akiwa na miezi sita, hutazamwa kama mtoto wa miezi minne, na marekebisho haya huendelea hadi miaka miwili. Zipo pia dalili zisizosubiri jedwali lolote. Mtoto aliyekuwa akiongea au kutembea kisha akaacha anahitaji kuonwa haraka, awe na umri gani. Mtoto wa chini ya mwaka anayetumia mkono mmoja tu huku mwingine ukiwa umekunjwa ngumi hajachagua kuwa wa mkono wa kushoto au wa kulia. Huenda upande mmoja ni dhaifu. Na mtoto anayechelewa kuongea apimwe masikio kwanza. Tunaambiwa wavulana huchelewa kuongea. Huchelewa kidogo tu kwa wastani, na tofauti hiyo haielezi mvulana wa miaka miwili na nusu asiye na neno hata moja.

Baada ya miaka mitano kadi hukoma, na macho yetu nayo huondoka. Mtoto hukutana nasi tena akiugua, au akiwa mjamzito. Hii ni kasoro kubwa, kwa kuwa balehe ni kipindi cha pili cha ukuaji wa kasi baada ya uchanga. Msichana huanza kuota matiti miaka takribani miwili kabla ya kuvunja ungo, na anapovunja ungo sehemu kubwa ya urefu wake tayari imepatikana. Nyonga, hata hivyo, huendelea kupanuka baada ya urefu kukaribia kikomo. Msichana wa miaka 15 aliyefikia kimo cha mama yake anaweza bado kuwa na nyonga ya mtoto. Katika utafiti wa kitaifa wa 2022, asilimia 22 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 nchini walikuwa wamewahi kupata ujauzito. Mkunga anayejua ukuaji wa nyonga hamsubirishi msichana huyo nyumbani hadi uchungu uzidi, maana anajua uchungu pingamizi unaweza kumwachia fistula.

Kisha hufuata utu uzima, ambao mihadhara mingi huupitia kama daladala isiyo na abiria wa kushuka. Nitataja jambo moja tu. Huko Hertfordshire, Uingereza, wauguzi waliandika kwa uangalifu uzito wa watoto wakati wa kuzaliwa na walipotimiza mwaka mmoja. Mwaka 1989 David Barker na wenzake walitumia daftari hizo kuwafuatilia wanaume waliozaliwa kati ya 1911 na 1930, wakakuta kwamba waliokuwa na uzito mdogo utotoni walikufa zaidi kwa maradhi ya moyo. Muuguzi aliyekuwa akiandika kilo za mtoto hakujua kwamba anaandika pia juu ya moyo wa mtu wa miaka sitini.

Uzee ndio mlango mfupi kuliko yote vitabuni. Erikson alichapisha hatua zake nane mwaka 1950, akiwa na miaka 48. Hatua ya tisa, ya ukongwe wenyewe, iliongezwa na mkewe Joan katika toleo la 1997, akiwa amepita miaka tisini. Nami niliye katika umri ule wa Erikson, na nimeanza kuisogeza simu mbali ili niione, naelewa kwa nini ilibidi wafike huko kwanza.

Kosa la "atakaa tu" lina pacha wake uzeeni: "ni uzee tu." Uwezo wa figo hupungua kwa umri, hivyo dozi iliyomfaa baba akiwa na miaka 50 inaweza kumdhuru akiwa na 80. Nimonia au maambukizi ya mkojo kwa bibi huenda yasilete homa kabisa. Yanaweza kuanza kwa kuchanganyikiwa usiku mmoja. Hata usahaulifu mkubwa si sehemu ya kawaida ya uzee: utafiti uliofanyika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, ukachapishwa 2013, ulikuta ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu kwa takribani asilimia 6 ya wenye miaka 70 na zaidi. Wengi mno hawakuwa nao. Mzee hana kadi yenye mistari, lakini binti au mkwe anayeishi naye anaweza kuichora kwa maneno. Mwezi uliopita alikuwa akifanya nini asichoweza leo? Alikuwa anahesabu chenji? Alikuwa anakwenda msikitini au kanisani peke yake? Mabadiliko ya siku tatu hayaitwi uzee. Nawasihi wanaowasindikiza wazee kuja na majibu hayo, pamoja na dawa zote anazotumia, zikiwemo za mitishamba.

Je, chuo kifanye nini? Pendekezo langu ni dogo. Kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza apewe familia moja ya kuitembelea kila mwezi kwa muda wote wa masomo yake, kwa ridhaa yao. Nyumba nyingi za Mbagala au Kisarawe zina vizazi vitatu chini ya paa moja, na katika mwaka mmoja tu mwanafunzi ataona kitoto kikikaa, kikisimama na kwenda, shangazi mdogo akirefuka ghafla, na babu akianza kushika ukuta anapoinuka. Asiende mikono mitupu: abebe mizani, utepe na kipimo cha shinikizo la damu, na anachokipima akiandike kwenye daftari linalobaki kwa familia. Nauli itahitajika, msimamizi atahitajika, na ratiba itapunguziwa mihadhara kadhaa, ambayo sidhani itaombolezwa. Familia nazo, kabla ya kukubali, zina haki ya kumuuliza atakuja mara ngapi, na nani atakuja siku yeye akiwa kwenye mtihani.