Hisabati Itoke Ubaoni Iende Uwanjani

Mwaka 2023, takriban robo tu ya watahiniwa wa kidato cha nne nchini walifaulu mtihani wa Hisabati. Kila matokeo yatangazwapo, lawama humwangukia mwalimu wa sekondari. Sisi twaona kwamba kasoro huanza mapema zaidi, katika madarasa ya chini ya shule ya msingi, pale mtoto anapofundishwa kutaja jina la umbo kabla hajalishika wala kulizunguka.

Natuitazame Endabash, wilayani Karatu, mkoani Arusha. Wasomaji wetu wa Unguja na Pemba huenda wakauliza kata hiyo ya bara yawahusu nini. Yawahusu, kwa kuwa watoto wao hufanya mtihani ule ule wa kidato cha nne. Endabash ni nchi ya wakulima na wafugaji, wengi wao Wairaqw. Watoto wengi huingia shule wakiwa wamezoea Kiiraqw nyumbani, nao hukutana na maneno mstatili, pembetatu na msambamba katika Kiswahili ambacho bado wanajifunza. Lakini mtoto huyo huyo, aongozapo ng'ombe kwenda malishoni, hujua njia ya mkato, hujua korongo lipi litamzuia, na hujua jua litakuwa upande gani wakati wa kurudi. Ujuzi huo wa mahali, umbali na umbo ndio mlango wa jiometri. Kumketisha anakili michoro ya ubaoni ni kumfungia mlango huo.

Walimu wawili wa Uholanzi, mume na mke, Pierre van Hiele na Dina van Hiele-Geldof, walilieleza jambo hili mwaka 1957. Mtoto kwanza hulitambua umbo kwa sura yake nzima. Baadaye huziona pande na pembe zake. Fasili huja nyuma. Mwalimu aanziaye kwenye fasili husema lugha isiyofahamika, hata kama darasa zima laitikia kwa sauti moja.

Dawa yenyewe si ya gharama. Paulus Gerdes, mwanahisabati aliyefanya kazi Msumbiji, aliandika juu ya wajenzi wa vijijini huko wapimao msingi wa nyumba kwa kamba mbili zenye urefu sawa, zilizofungwa pamoja katikati. Zikivutwa zikanyoka, ncha zake nne huonyesha pembe nne za mstatili. Watoto wa darasa la nne waweza kulifanya hilo uwanjani, wanne wakishika ncha na wengine wakipigilia vigingi. Kamba zikikatana kwa pembe mraba, utapatikana mraba. Kamba moja ikiondolewa na kuwekwa iliyo fupi zaidi, nayo ikafungwa katikati vilevile, mstatili hugeuka msambamba, na watoto watabishana ni kwa nini. Waachwe wabishane. Siku nyingine wachore ramani ya njia itokayo nyumbani hadi shuleni, kisha wabadilishane, kila mmoja aifuate ya mwenziwe aone kama itamfikisha.

Visiwani nako hazina ipo. Mafundi wa Nungwi huunda majahazi bila mchoro wa karatasi. Mkeka wa ukili wenye nakshi ni somo kamili la ulinganifu. Na hata majina kaskazini na kusini tumeyapata kwa pepo za kaskazi na kusi. Ni ajabu kwamba mtoto aliyezaliwa katikati ya elimu hiyo afundishwe pande za dunia kwa msalaba uliochorwa kwa chaki.

Tunalijua pingamizi: watoto ni wengi, mwalimu ni mmoja. Basi nusu wabaki wakichora, nusu watoke, kisha wapokezane. Lililo gumu zaidi liko kwa wakubwa. Pale mtihani uulizapo kanuni tu, mwalimu atafundisha kanuni, na hatutamlaumu. Watungaji wa mitihani, bara na visiwani, hawana budi kuweka maswali yanayomtaka mtoto aligeuze umbo akilini au aisome ramani ya kijiji. Naye mthibiti ubora wa shule, akikuta chumba kitupu na watoto wako uwanjani na kamba zao, asiandike kwamba kipindi hakikufundishwa.