Pingili Haina Mdomo

Haraka haraka haina baraka. Nimeyaona hayo kwa macho yangu hapa Sugoi, tena katika shamba letu wenyewe.

Mvua ya Aprili ilipoanza, mama alinituma nipande nepia kando ya boma, ng'ombe wasije wakalala njaa kiangazini. Nikakata pingili, nikazichomeka. Wiki ya pili zikatoa majani mabichi. Nikajiambia, "Si nizisaidie kidogo!" Ghalani kulikuwa na CAN iliyobaki baada ya mahindi. Nikamwaga konzi moja moja juu ya kila pingili. Lo! Siku chache tu majani yakakauka. Nilipozing'oa, chini sikuona mzizi, niliona uozo. Januari ilipofika tulinunua nyasi kwa jirani, na maziwa yakapungua.

Kwa nini? Pingili iliyokatwa haina mizizi, yaani haina mdomo. Majani yale ya kwanza hulishwa na akiba iliyo ndani ya shina lenyewe. Yasikuhadae! CAN ina naitrojeni kama asilimia 26, nayo ni aina ya chumvi. Chumvi ikizidi udongoni, huyavuta maji kutoka kwenye pingili na mizizi michanga badala ya kuyaacha yaingie. Ni kama kumlisha mtoto wa siku moja ugali na nyama choma.

Sasa tufanyeje? Kata pingili yenye vifundo vitatu kutoka shina lililokomaa. Changanya udongo wa shimo na samadi iliyooza vizuri. Ukiwa na DAP, tia kidogo, maana fosforasi yake husaidia mizizi. Lakini ikoroge na udongo kwanza, isiguse pingili. Zika vifundo viwili, kimoja kibaki juu. Kisha ngoja. Baada ya wiki 4 hadi 6, ivute polepole. Ikishikilia ardhi, basi imeota mizizi. Hapo ndipo utie CAN, kidogo tu, mbali na shina, udongo ukiwa na unyevu.

Hata wenzetu wa Nandi wanaootesha miche ya chai hawana pupa. Vipandikizi vyao huanza katika udongo wa chini, si ule wa juu wenye rutuba nyingi.

Wanachama wenzangu, mmea hushibishwa baada ya kupata mdomo. Mwaka uliofuata nilingoja, na ng'ombe wetu wakashiba.