Msiniulize Tena Mnunue Cheti Gani

Swali ni lile lile, liwe linatoka kwa msindikaji wa maziwa, msafirishaji wa parachichi au mwenye kiwanda cha samaki: "Sisi cheti cha usalama wa chakula cha ISO 22000 tunacho tayari. Tuongeze cheti gani ili tumalizane na hizi sheria za usalama wa mtandao?" Nimelijibu kwa upole kwa muda mrefu, sasa nalijibu kwa maandishi. Hakuna cheti kinachokumalizia sheria. Mshauri anayekuuzia "kifurushi" cha namna hiyo anakula pesa yako bure.

Najua imani hii ilikotoka. Maduka makubwa ya Ulaya yalianzisha EurepGAP, viwango vya kilimo bora vyenye cheti chake, mwaka 1997, ikabadilishwa jina kuwa GlobalG.A.P. mwaka 2007, na wakulima wetu wa maharagwe machanga wakajifunza kwamba bila karatasi hiyo mzigo wao hauna mnunuzi. Serikali haikuwalazimisha kuwa nayo, soko ndilo liliwalazimisha. Basi mtu aliyezoea hivyo akisikia kuna kanuni mpya, mkono unaenda moja kwa moja kwenye kitabu cha hundi, atafute cha kutundika ukutani pale mapokezi.

Lakini hata kwenye chakula chenyewe, cheti hakijawahi kuwa badala ya sheria. Kanuni ya Ulaya namba 852 ya mwaka 2004 inamtaka kila msindikaji afuate misingi ya HACCP, yaani kuchambua hatari na kuzidhibiti kwenye hatua muhimu, awe na cheti cha taasisi binafsi au asiwe nacho. Na pale watu walipokiamini cheti kuliko kazi yenyewe, wengine walizikwa. Kiwanda cha karanga cha Peanut Corporation of America, kule Blakely, Georgia, kilipewa daraja la juu na mkaguzi binafsi mwaka 2008. Muda si mrefu karanga zake zikasambaza salmonela: wagonjwa waliothibitishwa 714, waliofariki 9. Wakubwa wa kampuni walikuwa wakisafirisha mizigo huku wakijua majibu ya maabara ni mabaya. Mwaka 2015 mkuu wake alihukumiwa kifungo cha miaka 28. Mwaka 2011, shamba la matikiti ya kantalupu la Jensen Farms huko Colorado lilipata alama 96 kwa 100 kwenye ukaguzi wa kulipia. Msimu huo huo matikiti yake yalibeba listeria iliyoua watu 33.

Sidai kwamba wakaguzi ni wezi. Nasema mfumo wenyewe una mipaka, na wauzaji wa vyeti hawaitaji. Anayekaguliwa ndiye anayemlipa mkaguzi. Mara nyingi tarehe inajulikana mapema. Mkaguzi anaangalia sampuli ya rekodi, na cheti kinazungumzia jengo hilo, bidhaa hizo na kipindi hicho tu.

Tazama kiwanda cha maziwa. Maziwa yanapitishwa kwenye joto la nyuzi 72 kwa sekunde 15. Mkaguzi wa chakula atauliza kipimajoto kilihakikiwa lini, atafungua rekodi za siku alizochagua mwenyewe, atataka aone vali ikiyarudisha nyuma maziwa ambayo hayajafika joto. Ni kazi nzuri na ya lazima. Ila hana ratiba ya kuuliza ni nani mwingine anayeweza kuingia kwenye kompyuta inayoongoza joto hilo. Nimeikuta nywila ya kompyuta ya namna hiyo imeandikwa kwa kalamu ya wino mzito kwenye mlango wa kisanduku cha umeme, na fundi wa kampuni iliyouza mashine bado anaingia kwa nywila hiyo hiyo akiwa nje ya nchi, miaka kadhaa baada ya kuifunga mashine hiyo. Cheti cha usalama wa chakula kilikuwa ukutani, halali kabisa.

Na hatari hiyo si ya kufikirika. Mei 2021 wahalifu waliziteka kompyuta za JBS, kampuni kubwa kuliko zote duniani kwa usindikaji wa nyama. Machinjio yalisimama Marekani, Kanada na Australia, na kampuni ikalipa dola milioni 11. Julai mwaka huo huo, Coop ya Uswidi ilifunga maduka yapatayo 800 kwa sababu mashine za kulipia zilikufa. Waliovamiwa hawakuwa Coop. Uvamizi ulianzia kwenye programu iliyotumiwa na watoa huduma wao.

Sheria ndiyo inayouliza mambo hayo. NIS2, agizo la Umoja wa Ulaya kuhusu usalama wa mtandao, imeweka usindikaji na usambazaji wa jumla wa chakula kwenye orodha yake, kwa kampuni za ukubwa wa kati na kuendelea. Ukivamiwa vikali, unatoa taarifa ya awali ndani ya saa 24, taarifa kamili zaidi ndani ya saa 72, na ripoti ya mwisho ndani ya mwezi. Wakurugenzi wanawajibika wenyewe. Kwa kampuni za chakula faini inaweza kufika euro milioni 7 au asilimia 1.4 ya mauzo ya dunia nzima, kile kilicho kikubwa zaidi. Ubelgiji inakubali vyeti fulani kama dalili kwamba umetimiza masharti, lakini hata huko cheti hakikupi ruhusa ya kuchelewesha taarifa.

Wewe uliye Thika au Mwanza, NIS2 haikushiki moja kwa moja. Itakufikia kupitia mnunuzi wako, maana yeye analazimika kuangalia usalama wa wanaomuuzia. Na kama uko Kenya, unayo ya nyumbani: Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018 inakutaka uripoti shambulio ndani ya saa 24. Ukinyamaza, ni faini isiyozidi shilingi 200,000, au kifungo kisichozidi miaka 2, au vyote viwili. Data za watu zikivuja, Kamishna wa Ulinzi wa Data anapaswa kujua ndani ya saa 72.

Mtaniuliza, na ISO 27001, ile ya usalama wa taarifa, je? Ichukueni, inafundisha nidhamu. Ila someni sehemu inayotaja mipaka ya cheti: vyeti vingi vinahusu ofisi kuu, kiwanda kimeachwa nje.

Ya kufanya, haraka haraka. Orodhesha kila kompyuta inayogusa joto, mizani na chumba cha baridi. Badilisha nywila zote za fundi wa nje, na mlango wake ufunguliwe pale tu anapoitwa. Tenganisha mtandao wa mashine na ule wa ofisi. Weka nakala rudufu ya rekodi za bechi mahali pasipounganishwa na mtandao, kisha jaribu kuzirejesha, kwa sababu mzigo usio na rekodi ya joto hauuziki. Chapisha kwenye karatasi namba za simu za mamlaka, za mnunuzi na za fundi. Andika jina la mtu mmoja atakayeripoti hata kukiwa usiku wa manane, na mkurugenzi amruhusu kwa maandishi kufanya hivyo bila kungoja kikao. Fanyeni hayo kwanza, ndipo tuzungumze habari za vyeti.