Ngoma Inayomjua Mwenyewe

Riwaya ya fantasia ikitangazwa kuwa itafanywa tamthilia ya televisheni, wasomaji wake hufurahi na kuingiwa na hofu siku hiyohiyo. Hufurahi kwa kuwa watayaona kwa macho majumba, mazimwi na safari walizozibeba kichwani miaka mingi. Hofu huja kwa kuwa sura ya mwigizaji ikishaonekana, ile ambayo msomaji aliichora mwenyewe akilini hufifia, na kuirudisha ni kazi.

Hofu hiyo si ya bure. Ursula K. Le Guin, mwandishi wa Marekani, aliwaumba watu wengi wa visiwa vya hadithi yake ya Earthsea wakiwa na ngozi ya kahawia au nyeusi, akiwamo shujaa wake Ged. Televisheni ilipoonyesha hadithi hiyo mwaka 2004, Ged alikuwa Mzungu, na mwandishi akalalamika hadharani. Tamthilia ya Game of Thrones, iliyoonyeshwa kuanzia 2011 hadi 2019, ilivipita vitabu vya George R. R. Martin, ikalazimika kumaliza hadithi ambayo mwenyewe alikuwa hajaimaliza. Msimu wa mwisho uliwaudhi mashabiki wengi mno. Katika visa vyote viwili lawama haikuwa juu ya kupunguza, maana kila msomaji anajua kuwa kurasa elfu moja haziingii zote kwenye televisheni. Lawama ilikuwa juu ya kung'oa nguzo inayoishikilia nyumba.

Hapa Tanzania, Karagwe na Kyerwa, zilizokuwa wilaya moja hadi mwaka 2012, zina hazina ya masimulizi ambayo mwandishi yeyote wa fantasia angeitamani. Mwingereza John Hanning Speke alifika kwa Mfalme Rumanyika wa Karagwe mnamo Novemba 1861, na katika kitabu chake cha 1863 aliandika namna mfalme huyo alivyoelezwa kuwa amepata kiti. Baba yake Ndagara alipofariki, ngoma ndogo iliwekwa mbele ya wanawe watatu. Kwa mkono wa kawaida ilikuwa nyepesi kama unyoya, lakini ilikuwa imetiwa dawa, ikawa nzito kwa yeyote asiyestahili. Ndugu wawili wakajitutumua, haikusogea. Rumanyika akainyanyua kwa kidole kidogo.

Mtihani haukuishia hapo. Mrithi aliketishwa mahali maalumu, na siku zilivyokwenda ardhi aliyoikalia ikapanda polepole hadi ikalingana na mawingu. Mizimu ikimkubali, ardhi hushuka taratibu. Ikimkataa, hubomoka ghafla akavunjikavunjika.

Speke anaeleza pia kwamba mdogo wake Rumanyika, Rogero, hakukubali, akapigana, na Rumanyika akaokolewa na wafanyabiashara wa misafara pamoja na jeshi la Buganda. Hapa ndipo mtengenezaji wa tamthilia huteleza. Bunduki na majeshi ni rahisi kupiga picha, na ngoma yaweza kuonekana kama pambo la kishirikina la kukatwa. Ikikatwa, kinachobaki ni vita vya ndugu kama vingine elfu. Ngoma ndiyo inayouliza ni nani mwenye haki, na vita vinakuwa na uzito kwa sababu swali hilo limekwisha kuulizwa. Ardhi inayopanda, ambayo zamani ingeshindikana, leo picha za kompyuta zinaiweza. Hilo ndilo tumaini kubwa la shabiki.

Wasiwasi mwingine ni wa kisa kuwa na wenyewe wengi. Nasaba ya Wahinda iliyotawala Karagwe hujinasibisha na Ruhinda, anayesimuliwa kuwa mwana wa Wamara, mkuu wa Wachwezi, watawala wa kale wa masimulizi. Lakini Wachwezi wanasimuliwa pia katika falme za Bunyoro na Nkore, kila mahali kwa namna yake. Masimulizi ya mdomo yanaruhusu namna zote ziishi pamoja. Televisheni huchagua moja, na watoto wanaokua wakiitazama huichukua kuwa ndiyo ya kweli. Kwa hiyo tamthilia ya Wachwezi inapaswa kutaja wazi kuwa inafuata masimulizi ya wapi.

Ipo pia lugha. Amil Shivji alipoigeuza riwaya ya Shafi Adam Shafi, Vuta N'kuvute, kuwa filamu mwaka 2021, waigizaji walizungumza Kiswahili, na Unguja ya miaka ya 1950 ikasikika ilivyo. Riwaya hiyo si fantasia, lakini somo lake linahusu Karagwe: mfalme wa Wanyambo, wenyeji wa Karagwe, akizungumza lugha yao ya Runyambo, pawepo maandishi ya Kiswahili chini, atasadikika kuliko akizungumza Kiingereza.

Wala watazamaji wa Tanzania si watu wa kukataa kila badiliko. Katika vibanda vya video, wasimulizi kama marehemu Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, walizisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili. Sauti ya msimulizi hupanda juu ya ile ya mwigizaji: inataja nani ni nani, inafafanua desturi za ugenini, inaonya kuwa adui yuko nyuma ya mlango. Watu walimpenda msimulizi kwa kuwa aliongeza bila kukivunja kisa.

Kwa hiyo atakayetaka kuipeleka ngoma ya Rumanyika kwenye televisheni asianzie kwenye kamera. Aende kwanza kwa wazee wa Bweranyange, makao ya wafalme hao, awasikilize kwa Runyambo na kuwarekodi, ndipo aandike skripti.